Kuanza mazoezi kutoka sifuri: kilo 94, dakika 40 za asubuhi, Tabata. Nianzie wapi?

MkaaOfisi

Wakuu salaam. Naomba mwongozo kwa wanaojua.

Umri miaka 38, urefu sentimeta 171, uzito kilo 94, kiuno sentimeta 106. Kazi ni ya kukaa kutwa nzima, Posta. Nyumbani ni Tabata Segerea. Presha ilipopimwa mara ya mwisho ilikuwa 138/88, dawa sijaandikiwa. Mazoezi ya maana sijafanya tangu sekondari.

Asubuhi nina dakika 40. Jioni si ya kutegemea, foleni ya Buguruni mnaijua. Jimu sitaki kwa sasa. Maswali yangu: nianze kukimbia au kutembea? Siku ngapi kwa wiki? Vifaa gani ni vya lazima? Na hili tumbo, nipige sit-up ngapi kwa siku?

---

Mchakamchaka

Mkuu, anza kwa kutembea. Moyo na mapafu vinazoea upesi: ndani ya wiki tatu nne utaona huhemi kama mwanzo. Kano, mifupa na gegedu za magoti vinakwenda taratibu, vinataka miezi. Wanaoanza huumia katika pengo hilo. Wiki ya nne pumzi ipo, mtu anajiona fundi, anaongeza kilometa, kisha muundi au kisigino kinagoma. Kwa kilo 94 pengo lenyewe ni pana zaidi, maana kila hatua ya kukimbia inaushusha mguu chini kwa uzito wa mara mbili hadi tatu ya mwili.

Wiki tatu za kwanza tembea siku tano, dakika 20 wiki ya kwanza, 25 ya pili, 30 ya tatu. Kutembea kwa mazoezi kuna kasi yake: hatua 100 kwa dakika au zaidi. Hesabu hatua kwa sekunde 15. Zikifika 25 uko sawa. Kipimo kingine ni mdomo. Unatakiwa uweze kuongea sentensi nzima bila kukatika, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukitoa maneno mawili mawili, punguza.

Kuanzia wiki ya nne changanya. Kukimbia kunabaki siku tatu kwa wiki, na siku hizo zisifuatane. Kila mara tembea dakika 5 kwanza na dakika 5 za mwisho, katikati fanya hivi:

Wiki ya 4 na 5: kimbia dakika 1, tembea 2, mara 8.
Wiki ya 6 na 7: kimbia 2, tembea 2, mara 6.
Wiki ya 8 na 9: kimbia 3, tembea 2, mara 5.
Wiki ya 10 na 11: kimbia 5, tembea 2, mara 4.
Baada ya hapo: kimbia 8, tembea 2, mara 3.

Zote zinaingia kwenye dakika zako 40. Wiki ikikushinda irudie, hata mara mbili, hakuna anayekudai. Ukikosa wiki nzima kwa safari au homa, rudi hatua moja nyuma.

Huko "kukimbia" nako kuwe kwa aibu. Kweli kabisa, kuwe polepole kiasi kwamba mtu anayewahi daladala anaweza kukupita. Hatua fupi na nyingi, mguu utue chini ya mwili, usiurushe mbele ukatua na kisigino goti likiwa limenyooka. Hatua ndefu ndiyo inayogonga goti na muundi. Kichomi kikikupata ubavuni, tembea, vuta pumzi ndefu kwa tumbo, bonyeza sehemu inayouma huku ukitoa pumzi. Mara nyingi husababishwa na kula au kunywa kingi muda mfupi kabla ya kutoka, au kuanza kwa kasi.

Muda wa kutoka: Dar jua linachomoza kati ya saa 12 kasoro dakika chache na saa 12 na dakika 40 hivi, kutegemea mwezi. Kati ya Desemba na Machi usichelewe, kwa sababu unyevu wa hewa unazuia jasho kukauka, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Mtu asiyezoea huhitaji siku 10 hadi 14 mwili ukubaliane na joto, kwa hiyo miezi hiyo kasi ya kawaida itakuchosha zaidi bila wewe kuwa umerudi nyuma. Kukiwa bado giza vaa kizibao cha riflekta kama cha bodaboda, tembea upande wa kulia ili magari yaje usoni kwako, na sikio moja liwe wazi. Barabara ya Mandela iache, malori na moshi vitakumaliza. Uwanja wa mpira wa shule au wa mtaa unatosha: uwanja wa mita 100 kwa 65 mzunguko wake ni mita 330, mizunguko mitatu ni kilometa moja kasoro kidogo. Angalia tu mashimo.

Jumamosi ukitaka kubadili mandhari, nenda Coco Beach au Daraja la Tanzanite, lina njia ya watembea kwa miguu na urefu wake umezidi kidogo kilometa moja. Ufukweni kimbia maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga mgumu, na urudi njia ileile. Ufukwe umelalia upande mmoja, ukienda tu bila kurudi nyonga na goti la upande mmoja vinabeba kazi yote. Mchanga laini achana nao miezi ya mwanzo, unazamisha kisigino na kuivuta kano iliyo nyuma yake.

Na siku za kazi, shuka Mnazi Mmoja utembee hadi Posta. Dakika kumi na kitu hizo, hazihitaji ratiba.

---

ChumaKweli

Mnamlea tu huyo. Vaa jaketi la nailoni, piga kilometa tano kila siku, jasho litiririke, kitambi kitaondoka chenyewe. Wiki ya kwanza utaumwa mwili mzima, ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi.

---

TibaViungo

ChumaKweli, kinachopungua kwenye nailoni ni maji. Mtu anapima kilo moja na nusu pungufu, anakunywa maji, inarudi jioni ileile. Mafuta hayatoki kwa jasho. Nailoni inazuia jasho kukauka, joto la ndani linapanda, na kwa joto la Dar mtu mzito asiyezoea anaweza kuishia na kiharusi cha joto: kizunguzungu, kuchanganyikiwa, kutapika, kuanguka. Hapo kazi ni kumtoa juani, kumvua nguo za juu, kummwagia maji na kumpepea huku mkimkimbiza hospitali. Vaa fulana nyepesi na bukta, basi.

Kuhusu maumivu, yapo ya aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Uchovu wa misuli huanza saa 24 baadaye, hukolea siku ya pili, huisha ya tatu au ya nne, na huwa pande zote mbili, katikati ya nyama. Huo ni wa kawaida kwa anayeanza na hauonyeshi kwamba umefanya kazi nzuri. Ni ugeni tu wa misuli. Maumivu ya upande mmoja, kwenye kiungo au mfupa, yanayozidi kadiri unavyoendelea, hayo simama. Na mtu akijipigisha skwati (kuchuchumaa na kuinuka) mia mbili au kichura uwanja mzima siku ya kwanza, kisha misuli ikavimba na mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, aende hospitali siku hiyohiyo. Misuli imevunjika na mabaki yake yanaziba figo.

MkaaOfisi, juu ya muundi, kwa sababu ndiyo itakayokufuata ukiharakisha. Maumivu yakiwa yametandaa upande wa ndani wa mfupa, urefu wa kiganja au zaidi, yakianza mwanzoni mwa mazoezi na kupungua mwili ukipata joto: acha kukimbia, endelea kutembea kama kutembea hakuumi, weka barafu iliyofungwa kitambaa dakika 10 hadi 15, na kila siku inua visigino ukiwa umesimama, mara 15, seti 3, yaani raundi tatu zenye mapumziko katikati. Ukibonyeza mfupa usiposikia kitu, rudi hatua moja kwenye ile ratiba. Ila maumivu yakiwa sehemu moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, yanauma usiku au ukiruka kwa mguu mmoja, huenda mfupa umepata ufa. Piga picha, na ujue kwamba eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isionyeshe ufa huo. Picha safi isikupe ruhusa ya kukimbia.

Presha. 138/88 iko chini kidogo ya 140/90, ambao ndio mpaka wa presha ya juu, si ya kukuzuia. Pima upya kabla ya kuanza: kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono uwe usawa wa moyo, usiwe umekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa kabla, na uchukue vipimo viwili. Ikisoma 180/110 au zaidi, muone daktari kwanza, mazoezi yasubiri. Ikiwa ni hiihii, kutembea na kukimbia taratibu ni sehemu ya tiba. Kwa mwenye presha ya juu, mazoezi ya namna hii yakiwa ya kudumu hushusha namba ya juu kwa pointi 5 hadi 8. Kwenye mazoezi ya nguvu usibane pumzi, inarusha presha juu ghafla. Toa pumzi unaposukuma au kuinua.

Kwa wengine wanaosoma: anayetumia atenolol au bisoprolol (dawa za presha na moyo) asijipime kwa mapigo ya moyo, dawa hizo huyashikilia chini, atumie kipimo cha kuongea. Anayetumia vidonge vya kukojosha anapoteza maji mapema zaidi. Mwenye kisukari anayetumia sindano ya insulini au vidonge vya glibenclamide apime sukari kabla, ikiwa chini ya 5 (mmol/L) ale kwanza, abebe glukosi au pipi mfukoni, na akague nyayo akirudi. Kifua kubana, maumivu kupanda shingoni au mkono wa kushoto, kuzimia: hapo hakuna mjadala, ni hospitali.

---

Mama_Dumu

Hakuna aliyemjibu swali la tumbo. Sit-up haziondoi mafuta ya tumboni, zinakaza misuli iliyo chini yake. Mwili hauchagui kuchoma mafuta pale unapopafanyisha kazi. Nusu saa ya kutembea kwa kasi kwa uzito wako ni kalori 150 hadi 200, na soda moja ya mililita 350 inakurudishia karibu zote. Kwa hiyo tumbo litaamuliwa zaidi mezani: soda, chapati ya tatu, chipsi za usiku. Mazoezi ya nguvu hata hivyo fanya, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linataka dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki pamoja na siku mbili au zaidi za misuli, na hizo siku mbili ndizo watu wanaziruka.

Vifaa viko ndani. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 5 ni kilo 5 na la lita 20 ni kilo 20. Lijaze mpaka juu ufunge kifuniko. Likijaa nusu maji yanacheza, yanauvuta mkono huku na huku, kiwiko na kiganja vinaumia bure. Ukitaka uzito zaidi kwenye dumu lilelile la lita 5, tia mchanga mkavu, litafika kama kilo 8. Mshikio wa dumu ni mwembamba, unakata vidole, uzungushie kitambaa.

Fanya seti mbili za kila zoezi, mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja hadi moja na nusu:

Kukaa na kuinuka kwenye kiti. Shuka kwa sekunde tatu, gusa, inuka bila kujisukuma kwa mikono. Kiti cha plastiki kiegemeze ukutani, kwenye vigae miguu yake hutanuka na kuteleza. Magoti yaelekee kule vidole vinakoelekea, yasigongane.

Pushapu. Uzito wako usianze sakafuni. Anza ukutani, kisha ukingo wa meza nzito isiyosogea, mwisho sakafuni. Mwili uwe mstari mmoja. Makalio yakibaki juu au kiuno kikining'inia, rudi hatua ya nyuma.

Kuvuta dumu. Mkono mmoja juu ya kiti, mgongo umenyooka, vuta dumu kuelekea nyonga, si kuelekea kifua. Watu wa kompyuta hili msiliruke, mabega yenu yameshainama mbele.

Kuinua makalio umelala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Kaa juu sekunde mbili. Ukisikia paja la nyuma linabana badala ya makalio, sogeza visigino karibu zaidi.

Kuinua visigino, kama alivyosema TibaViungo. Halafu planki, yaani kujiinua kifudifudi juu ya viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa mstari mmoja, sekunde 15 hadi 20, mara tatu. Planki ya dakika tatu ya kurekodi video haina kazi hapa.

Kila seti imalizike ukiwa na uwezo wa kuongeza mbili au tatu. Ukifikisha 12 kwenye seti zote, siku mbili mfululizo za mazoezi, ongeza uzito au hatua ngumu zaidi, kisha anza tena na 8. Usiongeze idadi mpaka 40, utakuwa unajifunza uvumilivu tu.

---

RabaKaliKariakoo

Kifaa pekee cha kulipia ni raba. Kutembea, yoyote isiyobana inafaa. Kukimbia kunataka raba za kukimbilia, na za mtumba pale Karume zinapatikana nzuri ukijua kukagua. Bonyeza sponji ya kisigino kwa kidole gumba: ikirudi taratibu na laini, iko hai, ikiwa ngumu kama mbao au ina mikunjo mingi pembeni, imekufa hata kama juu inang'aa. Iweke mahali tambarare uitazame kwa nyuma. Ikilalia upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza ameiumba kwa mguu wake, iache. Kunja mbele ilipo mikunjo ya vidole uone gundi. Raba iliyokaa stoo miaka inaweza kuonekana mpya, soli ikabanduka wiki ya pili.

Jaribu jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi utakazovaa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Raba za mpira wa kikapu na zile za kisigino bapa za kutokea hazifai. Sponji huchoka kati ya kilometa 500 na 800, na kwa mtu mzito mapema kuliko hapo.

---

Dada_Mbagala

Samahani kaka MkaaOfisi naingilia uzi wako. Mtaani kwetu kuna klabu ya jogging, wanatoka Jumapili alfajiri wakiimba. Mtu anayeanza kabisa anaweza kujiunga? Na maji, ninywe ya dukani ya chumvichumvi?

---

Mchakamchaka

Dada, jiunge, ila kaa nyuma na upange nao mapema. Kasi ya kundi huamuliwa na wa mbele, na nyimbo zinakusahaulisha mwili. Tumia kiitikio kama kipimo: ukiweza kuitikia kwa maneno machache mwendo unakufaa, ukibaki kupiga makofi tu huku mdomo wazi, shuka utembee hadi pumzi irudi. Waulize njia ina urefu gani na kama wana kituo cha kugeuzia, ugeuke hapo. Bonanza la baada yake, la kuvuta kamba na mechi, miezi miwili ya kwanza litazame.

Maji ya kawaida yanatosha mazoezi yasipozidi saa moja. Kunywa glasi moja au mbili saa moja kabla, kidogokidogo ukiwa njiani, na utazame mkojo: ukiwa njano iliyokolea bado unadai. Ukienda zaidi ya hapo kwenye joto, madafu mazuri lakini chumvi yake ndogo, kula na kitu chenye chumvi. Sidiria ya michezo iwe ya kubana, na hijabu ya kitambaa chepesi kinachokauka upesi. Pamba nzito ikilowa inakuwa mzigo.

---

MkaaOfisi

Asanteni sana wakuu. Nimeandika hivi, nirekebisheni. Wiki tatu za kwanza: kutembea Jumatatu, Jumanne, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, nguvu Jumatano na Jumapili asubuhi. Kuanzia wiki ya nne: kukimbia Jumatatu, Jumatano na Jumamosi alfajiri, nguvu Jumanne na Ijumaa jioni. Kiuno nitapima kila Jumapili, mzani mara moja kwa wiki. Alfajiri natoka bila kula, sawa?

---

Mama_Dumu

Wiki tatu za kwanza ziko sawa. Bila kula ni sawa kwa dakika 40, wewe huna dawa za sukari. Ukisikia kizunguzungu kula ndizi moja nusu saa kabla. Kiuno pima usawa wa kitovu, ukishatoa pumzi, kabla ya chai, utepe usizame.

Kosa liko Ijumaa. Skwati na visigino Ijumaa jioni, kisha kukimbia Jumamosi alfajiri, miguu itakuwa haijapona hata nusu. Na umesema mwenyewe jioni haitabiriki. Nguvu zipeleke Jumanne na Alhamisi asubuhi. Seti mbili za hayo mazoezi ni dakika 30 pamoja na kupasha mwili, zinaingia kwenye zile 40. Ijumaa pumzika.

---

TibaViungo

Nakubaliana. Ongeza presha kwenye vipimo vyako: asubuhi kabla ya kutoka, mara mbili kwa wiki, andika. Ikipita 140/90 mara kadhaa mfululizo, peleka hayo maandishi kliniki.

---

MkaaOfisi

Imeeleweka. Kesho napima presha, Jumatatu natoka.